Nishani ya Fedha ya Harlan Diefenbach

Mchungaji, wafiwa na majirani, mimi ni Clayton, kaka wa mjane, Verna, na familia imenituma niwasomee maisha ya shemeji yangu.

Harlan Diefenbach alizaliwa tarehe 11 Machi 1941 hapa Kutztown, Pennsylvania, akasoma hapa hadi mwaka 1959, kisha akaenda Philadelphia kujifunza kuchonga kalibu za chuma za kupigia nishani, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2003. Tarehe 18 Juni 1966 alifunga ndoa na dada yangu katika kanisa hili, wakajaliwa binti mmoja, Arlene, aliyekulia katika nyumba iliyojaa marais wa shaba kila kabati.

Alikusanya nishani za marais, wala si kwa kuwapenda marais, maana wengi aliwasema vibaya mezani, bali kwa kuipenda mikono iliyowachonga, na mwaka 1998 alitoa shaba yake yote akabadilishana na nishani moja ya fedha, ya zile ambazo serikali ya zamani iliwapa machifu wa makabila ya wenyeji wa asili wa Amerika, upande mmoja uso wa rais, nywele zimechongwa unywele mmoja mmoja, upande wa pili mikono miwili imeshikana. Aliyeigusa usoni badala ya kuishika ukingoni alitimuliwa, na mimi nimetimuliwa sana.

Mwaka 2011 kisukari kilimpofusha, na hapo yeye mwenyewe akaanza kuigusa, kutwa nzima, kwa kidole gumba, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuiona. Alijua kuliko sisi sote kwamba jasho na msuguano vinaila fedha ile, alijua anaiua, na hakuweza kuacha. Arlene alimsihi iwekwe benki, akakataa, Verna akaificha, basi shemeji akawa anapapasa kuta chumba hadi chumba, mpaka akamwambia mkewe, “Verna, uso wako naukumbuka. Ule wa nishani unanitoka. Nirudishie, nakuomba.” Dada akairudisha huku analia.

Januari mwaka huu figo zilishindwa kufanya kazi, akalazwa, na mchana wa tarehe 2 Februari 2019, gumba likiwa juu ya nishani, aliuliza, “Nywele bado zipo? Sizisikii.”

Verna aliitazama fedha iliyolainika kama kipande cha sabuni kilichokwisha, akasema, “Zipo zote, Harlan. Ni kidole chako tu kimekufa ganzi.”

Alifariki jioni hiyo, na dada yangu tangu hapo hajalala.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika supu ya kuku na mahindi inayotungoja ukumbini, na wenzake wa chama cha wakusanyaji, ambao jana walituomba tuitoe nishani jenezani kabla halijafungwa. Ndugu zangu, uchungu wenu tunauelewa, lakini Arlene, ambaye ndiye angeirithi, ameiweka mwenyewe mkononi mwa baba yake, na hatutaitoa.

Pumzika kwa amani, shemeji, na uiguse upendavyo.