Fundi Mwashi na Msichana wa Kwenye Simu

Kwenye treni ya asubuhi nilikaa nyuma ya fundi mwashi mmoja, saruji ingali kwenye kucha, akipiga miayo na kucheza mchezo wa kutongoza kwenye simu. Msichana wa mchezo akinuna, unapewa maneno yaliyotawanyika uyapange yawe jibu. Ukipatia, moyo mwekundu unajaa. Wake haukuwa na hata tone.

Mama muuza mitumba aliyekaa naye alishindwa kuvumilia. "Baba, na mvi hizo unabembeleza picha?"

"Najifunza, mama. Naenda ukweni kumwomba mke wangu arudi. Wiki ya tatu hii tangu aondoke."

"Ulimfanya nini?"

"Sikumfanya kitu. Ndilo kosa lenyewe. Anasema kaolewa na kabati, halisemi."

Mimi nilijifanya nachungulia dirishani, nisije nikacheka.

Mama akaisogelea simu. "Sasa mbona unaanza na 'lakini'? Anza na 'nimekosa'."

"Nikianza na hilo, mengine hayakai."

"Yatakaa. Sogeza."

Akasogeza kwa kidole kizito. Moyo ukajaa, msichana akatabasamu. Fundi hata hakufurahi. "Huyu kanipa maneno ya kupanga. Yule wangu nitamtolea wapi maneno?"

"Hilo moja linatosha."

"Wewe humjui mama yake."

Treni ikasimama, kumbe ndicho kituo cha ukweni kwake. Alibeba mfuko wake, akafika mlangoni, kisha akageuka kumuuliza yule mama kama kituo kinachofuata ni mbali sana kurudi kwa miguu.