Mtindi wa Mzee Ejore na Asubuhi za Lorugum

Tarehe 30 Juni, Mzee Cornelius Ejore anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika jiko la hosteli yetu ya wafanyakazi, Kakuma. Alitoka Lorugum kuja kuosha vyombo. Anaondoka akiwa mpishi mkuu. Hajawahi kuchelewesha kifungua kinywa, hata mwaka ule mto Tarach ulipofurika akavuka na gunia la karanga kichwani.

Kifungua kinywa chake sote tunakijua. Mtindi mzito chini ya glasi, papai lililokatwa vipande vidogo, mtindi tena, ndizi, na juu kabisa karanga zilizokaangwa na kupondwa. Dakika tano, basi. Karanga huzinyunyiza ukishaketi, la sivyo hulainika.

Alifundishwa na mgeni wa mambo ya lishe, aliyepanga glasi ya mfano kisha akaenda kunawa mikono. Mzee, aliyekua akimwona mama yake akitikisa maziwa kibuyuni, aliona kazi haijaisha. Akamimina vyote kibuyuni, akatikisa kwa nguvu. Mgeni alirudi akakuta uji wa rangi ya machungwa! Mkalimani wetu, Both, hadi leo humtania: “Mzee, mimi nipe ile ya kutikisa.”

Mwezi wa Aprili niliolewa na Erupe wangu, mwalimu kule Lodwar, mwanamume ambaye akitabasamu nasahau nilichotaka kusema. (Mhariri wa jarida letu ameniruhusu kumsifu mara moja tu.) Tunaonana wikendi. Jumatatu ya kwanza baada ya harusi nilirudi Kakuma nikiwa na furaha tele na upweke ambao sikuujua kabla. Chakula hakikupita. Mzee akaja na glasi yake, akaketi mbele yangu, akala polepole mpaka nami nikamaliza yangu. Baadaye wenzangu wengi waliniambia aliwafanyia hivyo hivyo. Yeye mwenyewe alifiwa na mkewe, Mama Akaale, miaka sita iliyopita.

Ijumaa iliyopita magari yaliondoka na wenzangu alfajiri na hakuna aliyekumbuka kuliarifu jiko. Nilimkuta Mzee ameketi mbele ya glasi kumi na nne zilizojaa. Nilikula mbili. Ndipo akaniuliza, “Binti yangu, ya mtu mmoja hupimwaje?” Nyumba yake ya Lorugum haina mtu mwingine, na kwa miaka yote hii hajawahi kutengeneza glasi moja tu.

Jioni nilimpigia Erupe nikamsimulia, naye akasema hapo hapo kwamba Jumamosi zetu tutazianzia Lorugum, kwa pikipiki. Nilipompelekea Mzee habari hiyo, alicheka. “Waliooana juzi huahidi mengi.” Kisha akauliza kama Erupe anapenda papai.

Anapenda, Mzee. Lakini Jumamosi ni siku moja tu, na zile sita nyingine zinaninyima usingizi. Wenzangu, namba yake nimeibandika ubaoni. Akishaondoka, mpigieni saa moja asubuhi, wakati ambao miaka yote yeye ndiye ametuita sisi mezani. Anayepita Lorugum kikazi aingie, hata kama ameshakula.

Asante, Mzee Ejore, kwa kutoacha hata mmoja wetu ale peke yake. Tunakuombea afya njema, na mlango usiokaa siku nzima bila hodi.