Pua ya Wellington na Barua ya Shabani

Mheshimiwa mwenyekiti wa umoja wetu, Mama Phyllis. Bwana Khalfan, mkuu wa utumishi wa hoteli yetu, ambaye tulimsengenya kwa Kiswahili miezi mitatu mizima kabla hajatujibu kwa Kiswahili kizuri kuliko chetu. Masheikh na wachungaji. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Najma na mliotoka mbali zaidi. Nanyi wa mlango wa nyuma mliofuata harufu ya pilau: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na wasio na cheo nawasalimu mara mbili.

Mimi ni Augustine Oloo. Nilifundisha historia Kisumu miaka ishirini na miwili, nikaweka chaki chini, na sasa natunza stoo ya mashuka hotelini kwetu, kule The Pearl. Tumekusanyika hapa mtaani Fereej Bin Mahmoud, huku Uarabuni tunakochuma, kumuaga fundi wetu, Shabani, anayeondoka keshokutwa. Hoteli moja ya Dar es Salaam imempa nafasi, kwa sharti moja: alete barua ya utumishi. Barua aliyopewa imeandikwa neno "uzembe". Naomba mlikumbuke neno hilo, nitalirudia.

Waliotangulia wamesema Shabani ni mchapakazi na mpole. Ni kweli, lakini hata marehemu husemwa hivyo. Mimi nitamuaga kwa kupitia ghorofa ya saba.

Kwa wasiojua, vyumba vya ghorofa hiyo havina namba. Kila chumba kina jina la mtu mkubwa wa Ulaya mlangoni na picha yake juu ya kitanda. Nani alidhani kwamba mtu aliyekuja kupumzika na mkewe angependa kulala huku jemadari anamtazama? Sijui. Ninachojua ni kwamba kwenye redio zetu za kazini husikika mambo ambayo hayamo katika historia yoyote: "Napoleon anaomba mto wa pili." "Nelson ameziba choo." "Beethoven hajafungua mlango tangu jana, nifanyeje?"

Ndipo mkaniomba niwafundishe hawa watu ni kina nani, nami, kwa jinsi ninavyopenda kuulizwa, nikaanzisha darasa la Ijumaa. Niliwaeleza kwamba Nelson, amiri wa majeshi ya majini ya Uingereza, alipouawa vitani mwili wake ulirudishwa kwao ndani ya pipa la brandi ili usioze. Saida akanyoosha mkono: "Mwalimu wangu wee, na forodha walimpitishaje?" Niliwaeleza kwamba Beethoven, bingwa wa muziki, alikuwa mchafu na alihama nyumba mara nyingi kupita kiasi. Loice akasema, "Wueh! Huyo ningemwekea sabuni mlangoni nikimbie." Usijifiche, Loice, ni wewe. Na niliwaeleza kwamba huyo huyo Beethoven alikusudia kumtunukia Napoleon kazi yake moja kubwa, kisha aliposikia mtu wake amejitawaza kuwa mfalme, akalifuta jina kwa hasira hadi karatasi ikatoboka. Mkapiga makofi. Nami nikavimba kichwa.

Sasa sikilizeni kilichotokea Februari mwaka huu, 2013. Vyumba vya ghorofa ya saba vilipakwa rangi upya, picha zote zikashushwa. Shabani alizirudisha zote isipokuwa mbili, Napoleon na Wellington. Niwakumbushe: Wellington ndiye Mwingereza aliyemshinda Napoleon mwaka 1815, akisaidiwa na Waprusia. Nyuma ya picha hakuna jina. Shabani akanipigia simu stoo.

"Shikamoo Mwalimu. Nimebaki na wazee wawili na sijui yupi ni yupi. Panda mara moja unitazamie."

Lifti ya wafanyakazi ilikuwa mlangoni pangu. Lakini nilikuwa na chai. Nikamwambia, "Nieleze walivyo."

"Mmoja mwembamba, ana pua, Mwalimu, pua ya kutosha watu wawili. Mwenziwe ana kitambi, na mkono kautia ndani ya koti kama anajikuna."

"Mwenye pua ni Napoleon," nikajibu. "Mtu aliyeitisha Ulaya nzima hawezi kuwa na pua ndogo. Mwenye kitambi ni Mwingereza, alishinda akala vizuri."

"Una hakika, Mwalimu?"

"Shabani! Vita hivyo nimevifundisha kabla hujazaliwa!"

Ndugu zangu, pua ile ni ya Wellington. Askari wake wenyewe waliitania, na nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu jambo hilo kila mwaka! Kisha nikapita vyumba vile na mashuka wiki baada ya wiki bila kugundua kitu, kwa sababu miwani yangu huwa naificha mfukoni msije mkaniona mzee. Bila miwani, wote wale ni mabwana wenye vifungo.

Aprili akaja Mfaransa na mkewe, waliokuwa wameomba chumba cha Napoleon kwa jina. Siku ya tatu akashuka mapokezi na kandambili, shingo imemsimama mishipa. Saida alikuwepo akasikia: Mfaransa alisema amelala siku tatu chini ya Wellington, na kwamba babu zake wanamcheka kaburini. Ikaulizwa nani aliyetundika. Shabani akajibu, "Ni mimi, nilikosea." Jina langu hakulitaja. Alipewa barua ya onyo yenye neno "uzembe", mkataba ulipokwisha haukuongezwa, na neno hilo likahamia kwenye barua yake ya utumishi.

Mnajua Napoleon alifanya nini alipokuwa kifungoni kisiwani Mtakatifu Helena? Alilaumu. Alimlaumu Grouchy, jemadari wake ambaye hakufika vitani kwa wakati. Darasani nilimcheka sana Napoleon kwa hilo. Nikasema, tazameni mtu mkubwa, ulimi wote ule na hawezi kutamka "kosa ni langu". Nilisema hayo Ijumaa ya Mei, Shabani ameketi mstari wa mbele na barua yake ya onyo, naye akacheka pamoja nanyi, akanimiminia chai.

Shabani, usinitikisie kichwa. Keti, mwanangu. Uliniheshimu, inatosha.

Bwana Khalfan, bahasha hii ina maelezo yangu yote, nimeyatia sahihi. Naomba onyo lile litoke kwenye faili la Shabani liingie kwenye langu, na neno "uzembe" lihamie kwa mwenyewe. Yeye aliuliza, tena mara mbili. Leo ni Ijumaa, ofisi imefungwa, lakini kesho iko wazi kumwandikia barua mpya, na ndege yake ni keshokutwa. Ukiona nami nifungashe, nitafungasha. Napoleon alikuwa na kisiwa cha kununia. Mimi nina stoo ya mashuka tu, na mashuka hayasikilizi lawama.

Mama Phyllis, wapishi, nanyi nyote mliovumilia mwalimu asiyejua kufupisha, nawarudishia masikio yenu kwa shukrani. Na wewe Shabani, sogea hapa mbele. Leo miwani nimeivaa, nataka nikutazame vizuri.