Kiguu na Njia: Maisha ya Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Ndugu, jamaa na marafiki, kabla hatujamsindikiza mama yetu, sisi wanawe tunaomba tuwasimulie huyu mliyemwita Kiguu na Njia alikuwa nani.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1960 katika kambi ya wajenzi wa barabara, mtoto wa pili wa dereva wa katapila. Barabara ikisogea, kambi inasogea. Kambi ikisogea, familia inafunga virago.

Alianza shule Januari 1967, na hata kabla ya kumaliza darasa la saba alikuwa ameshazoea kuwa mgeni. Kila alikohamia, watoto walikuwa na lugha yao na mwalimu na yake. Akiwa darasa la pili, hakujua aombeje ruhusa ya kwenda chooni. Akajikaza mpaka yakamshinda. Darasa zima likacheka. Mwalimu akamwita mzito wa kichwa na kumpeleka dawati la nyuma. Kisa hicho alitusimulia mara nyingi huku akizunguka meza, na hakuwahi kukimaliza akiwa ameketi.

Alihitimu chuo cha ualimu Novemba 1981, akapangiwa darasa la kwanza katika shule iliyo jirani na machimbo ya kokoto. Wazazi walikuja pale kutafuta riziki kutoka pande zote, na watoto wakaja na lugha zao. Aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivishwa kibao cha mbao shingoni hadi jioni. Wiki ya kwanza tu, kibao kikatoweka.

"Mwalimu, kibao kiko wapi?" mwalimu mkuu akauliza.

"Si ndicho kilichochemsha hiyo chai uliyokunywa, mkuu?"

Kulikuwa na msichana ambaye muhula mzima hakutoa neno. Walimu walishamhesabu kuwa bubu. Marehemu akamfuata mzazi wake machimboni, akachuchumaa naye vumbini, akaomba afundishwe majina ya vitu vya darasani. Kesho yake akainua kalamu na kuitaja kwa lugha ya nyumbani kwa msichana huyo. Mtoto akaziba mdomo, mabega yakamtikisika, kisha akaangua kicheko.

"Anasemaje?" Marehemu akamuuliza mtoto aliyeketi naye dawati moja.

"Anasema umeiita mbuzi, mwalimu."

"Basi na anifundishe."

Tangu siku hiyo, watoto wa lugha moja aliwakalisha pamoja wafafanuliane kwanza, ndipo waliambie darasa kwa lugha ya shule. Wazazi aliwaita waje kusimulia hadithi kwa lugha zao, na watoto wakawa wakalimani. Mwaka 1994 mkaguzi alisimama mlangoni akakunja uso. "Mwalimu, darasa lako ni soko!" Akajibiwa, "Sokoni watu huelewana, bwana mkaguzi." Jibu hilo lilimponza Marehemu. Akahamishiwa shule ya mbali. Asubuhi alifundisha huko, alasiri akarudi kwa miguu kuwafundisha watoto wa machimbo barazani, mpaka ofisi ya elimu ikachoka na kumrudisha mwaka 1996.

Wapo aliowakosa. Machimbo yalipopunguza watu, familia ziliondoka na watoto ambao hawajajua kusoma. Hao ndio waliomkosesha raha. Ukimwambia umefanya uliloweza, alinyanyuka na kutoka nje.

Alifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1986 na fundi cherehani wake. Siku ya kupimwa gauni hakutulia hata kidogo. "Mwalimu, simama basi," fundi akamsihi, "nisije nikakushonea gunia!" Baba husema alioa upepo, na hajajuta. Sisi watoto tulilalamika kidogo. Tuliona kama nyumbani tumemwazima tu.

Agosti 2023 alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, na lugha ya shule ikamtoka. Ikabaki ile ya mama yake mzazi. Hapo tukaumbuka wote. Aliyepigania lugha za watoto wa watu hakupata kutufundisha yake. Mganga hajigangi. Dada yake, mama yetu mkubwa, akahamia kwetu awe mkalimani. Siku ya kwanza Marehemu alisema maneno marefu kwa uchungu, tukadhani ni wosia.

"Anasemaje, Mama Mkubwa?"

"Anauliza mbona mmekaa kama mizigo."

Tukaanza kujifunza, watu wazima wenye watoto. Akitusikia tunakosea, alipiga kitanda kwa mkono wa kushoto. Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Mei 2025, saa nne asubuhi, akimsahihisha mdogo wetu matamshi. Neno lake la mwisho tulilielewa bila mkalimani: "Rudia."

Ameacha mume, dada, watoto watatu, wajukuu wanne, na wanafunzi ambao hakuna kati yetu awezaye kuwasalimu wote kwa lugha zao kama alivyoweza yeye.

Apumzike kwa amani. Na asipotaka kupumzika, basi amani iandamane naye huko atembeako.