Bwana Pazi, Katibu Aliyelikalia Jalada

Bwana Pazi Rehani anastaafu tarehe 30 Juni 1978, baada ya miaka kumi na sita ya kuzihudumia kamati za Kitivo chetu cha Sheria. Mzaliwa huyu wa Kaole, Mzaramo asiyechoka kutania, alianza kama karani mpiga chapa, akapanda hadi kuwa katibu wa Kamati ya Mitihani.

Wajumbe walipokuwa watoro na akidi haitimii, alianza kuleta visheti vya mkewe, Bi Ashura, na kawa haikufunuliwa mpaka akidi itimie. Tangu hapo vikao haviahirishwi, ingawa mashati ya wanasheria wetu yamebana kidogo.

Lakini tunalomshukuru zaidi ni la masika ya 1972. Mwanafunzi Mina Mtoro alikuwa amekosa mtihani, na kamati ilielekea kumfukuza bila hata kumwita. Bwana Pazi hakuwa na kura. Katibu huandika tu. Ila mwenyekiti, Dakta Nkwabi, ni Mnyamwezi, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Huambiana yasiyoambilika, na hata msibani mtani huzuia jeneza mpaka apewe chake. Basi Bwana Pazi akalichukua jalada la Mina, akaliweka kitini, akalikalia.

"Mtani, maiti wako bado anapumua," alisema. "Hapa hazikwi mtu mpaka asikilizwe."

Dakta Nkwabi alicheka hadi akavua miwani, kisha akaagiza Mina aitwe. Kumbe alikuwa amekwenda Bagamoyo kumuuguza mama yake, na wakati wa kurudi mvua ikakata barabara, akakwama Kerege. Kamati ikamruhusu kufanya mtihani mwingine. Mwaka huohuo Bodi ya Kitivo ikapitisha kanuni kwamba mwanafunzi asifukuzwe kabla ya kusikilizwa.

Mtihani wenyewe Mina aliufeli, akaondoka. Wapo waliosema Bwana Pazi alijisumbua bure, naye hakubishana nao.

Mina sasa ni mwalimu wa shule ya msingi Bagamoyo. Leo amefika kwenye hafla hii ya kumuaga Bwana Pazi mapema kuliko sisi sote, akaomba akae mstari wa mbele. Anasema kufeli kulimuuma mwaka mmoja, lakini kufukuzwa bila kuulizwa neno kungemuuma maisha yake yote.

Ahsante sana, Bwana Pazi. Mungu akujaalie afya na uzee mwema wewe na Bi Ashura, nasi tutaendelea kumwita mtu kabla ya kumhukumu.