Yordani Simeo, Dresa Aliyeuliza Saa ya Kuungua

Ndugu waombolezaji, mimi ninayesoma ni Grasiana Simeo, mdogo wake marehemu. Ukoo umenipa karatasi ya tarehe na kuniomba nisiongeze neno. Tarehe nitazisoma zote. Maneno pia nitaongeza, kwa sababu huyu aliyelala hapa alinyamazishwa kwa barua mara tatu akiwa hai, na sitakuwa mimi wa kumnyamazisha mara ya nne.

Marehemu Yordani Simeo alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 katika kambi ya wakata mkonge karibu na Magoma, Korogwe. Baba yetu, Mzee Simeo, alitoka Kibondo akiwa manamba, mkataba ukaisha na kwao hakurudi. Mama yetu, Bi Hamisa binti Mdoe, alikuwa Mzigua wa Mkata, Mwislamu, na alibaki Mwislamu mpaka mwisho wake. Nyumbani kila mtu alisali kwa njia yake na wote tulikula chungu kimoja. Marehemu alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1940 hadi 1946, akaishia darasa la sita. Lakini somo lililomwongoza maisha yake yote alilipata nyumbani mwaka 1943. Mwezi wa pili, saa sita mchana, uji wa moto ulimmwagikia mguuni. Mwezi wa tano, kabla hakujapambazuka, mama akimwandalia baba chai ya kuondokea kazini, mimi niliangusha kibatari nikaungua mkono huu mnaouona. Kidonda changu hakikuzidi chake, na dawa ilikuwa ileile. Yeye alipona kwa wiki mbili na siku chache. Mimi nilikaa zaidi ya mwezi.

Kambini kwetu kulikuwa na desturi. Aliyeungua alifungiwa chumba cha giza mchana kutwa, na usiku alikeshewa kwa hadithi na nyimbo asilale, eti akisinzia moto uliobaki mwilini utashuka kwenye mifupa. Mimi nilikeshewa kikamilifu. Yeye hakukeshewa, maana mama alikuwa na kichanga na hakuwa na nguvu ya kukesha, na mchana alikuwa akitoroka kwenda kukaa kwenye kamba za kuanikia katani. Nilipochelewa kupona watu walisema nimepigwa jicho. Yordani, mtoto wa miaka kumi na miwili, alimwambia bibi mmoja mbele ya watu kwamba jicho halijui kutazama saa. Alichapwa kwa utovu wa adabu, na neno lake hakulifuta.

Mwaka 1951 aliajiriwa kufagia zahanati ya shamba la mkonge, na mwaka 1954 alihitimu mafunzo ya udresa, kazi ya kusafisha na kufunga vidonda. Tangu siku hiyo kila aliyeungua aliulizwa swali moja kabla ya jina lake: uliungua saa ngapi? Jibu aliliandika pembeni mwa kadi, na siku kidonda kilipofunga aliandika tarehe. Swali hilo ndilo lililompatia mke. Josefina Valerian wa Kilole alikuja na alama ya pasi ya mkaa kiganjani, akaulizwa saa ngapi, naye akajibu kwa aibu kwamba saa kumi jioni anaweza kutoka, ila baba yake yupo. Walifunga ndoa tarehe 23 Agosti 1958, Korogwe, na wifi yangu huyu hapa anacheka kidogo katikati ya machozi. Cheka tu, wifi. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Uhuru ulipopatikana marehemu alisema kwamba sasa na dresa atasikilizwa. Hapo nampenda sana kaka yangu, na hapo ndipo alipokosea. Mwaka 1962 alihamia hospitali moja upande wa Handeni. Huko wagonjwa wa moto waliamshwa saa kumi alfajiri ili bandeji zibadilishwe na vitanda vinyooke kabla mkubwa hajapita saa mbili. Asiyejua maumivu ya kubanduliwa bandeji kwenye ngozi mbichi asiseme ni jambo dogo. Marehemu aliona kuwa hospitali na kambi yetu vilikuwa vinafanya kosa lilelile, kumnyima aliyeungua usingizi wake, tofauti ni kwamba wale waliimba na hawa walikuja na toroli. Akaanza kuwafunga wagonjwa wake bandeji saa tatu asubuhi. Akafungua madirisha mchana na kuzima taa usiku. Barua ya onyo ilimfikia mwaka 1966. Aliendelea. Mwaka 1969 ikaja barua ya uhamisho, kwenda zahanati ya kijiji kipya cha ujamaa mbele ya Mkata. Mkubwa aliyeiandika familia imekubaliana kutomtaja. Mimi sikukubaliana, lakini nitaheshimu.

Waliomtuma kijijini walitaka kumwadhibu. Yeye alifika, akapanda mihogo, akauliza watu saa.

Mwaka 1971 watu wazima walikuwa wakisoma kisomo jioni kwa mwanga wa karabai. Siku moja, saa mbili na nusu usiku, karabai ililipuka ikamuunguza Chausiku, mama wa watoto watatu, kifuani na mkononi. Kwa bahati mbaya mwezi huohuo jirani yake alikuwa ameungua kwa sufuria ya shamba la kijiji, saa saba mchana, akapona kwa siku kumi na tisa. Marehemu alimwambia mapema Kibwana, mume wa Chausiku, kwamba mkewe atachelewa na asimhesabie siku za jirani. Kibwana aliona anachuriwa, anaombewa mabaya. Alileta wazee na wanawake wa kukesha, pamoja na mablanketi ya kuziba madirisha. Marehemu aliweka kiti mlangoni mwa zahanati alimolazwa Chausiku akakaa, na hakuna aliyepita.

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa. Alimwuliza marehemu kama anajua kwamba mwanamke huyu akifa, kijiji kizima kitasema dresa ndiye aliyewazuia watu kumhudumia, na kwamba ofisi iliyomleta hapa kwa barua haitamtetea. Marehemu alisema anajua. Kibwana akamwuliza ni nani alimfundisha mambo hayo.

"Hakuna aliyenifundisha," marehemu alijibu. "Ngozi ina zamu, bwana Kibwana, kama watu wa kiwandani. Mchana iko kazini, ikiungua inainuka hapohapo kujiziba. Usiku imepumzika, ukiichoma inachelewa kuamka. Saa aliyoungua mkeo siwezi kuibadili. Saa ya kulala kwake naweza kuilinda. Akifa kwa sababu ya kulala, nifungeni mimi."

Kibwana aliondoka bila kuaga. Kwa wiki tatu kidonda hakikuonyesha dalili ya kufunga, na wiki ya tatu Chausiku alipata homa. Josefina anasema ndizo siku pekee alizomwona mumewe akishindwa kula. Hata hivyo kila asubuhi alimtoa Chausiku barazani penye mwanga, na kila jioni aliweka kiti chake mlangoni. Homa ilishuka. Siku ya thelathini na moja kidonda kilifunga. Kibwana alikuja akakaa barazani mpaka jua likapanda, kisha akasema, "Daktari, shikamoo," ingawa alikuwa amemzidi marehemu miaka kumi. Tangu hapo mtu akiungua kijijini, Kibwana ndiye aliyefika wa kwanza kuwafukuza wakeshaji.

Mwaka 1974 marehemu alikusanya kadi zake zote, watu themanini na watatu. Walioungua mchana walipona kwa wastani wa siku kumi na nane. Walioungua usiku, siku ishirini na nane. Aliandika kwa mkono wake na kupeleka kwa wakubwa. Barua ya tatu ilirudi na sentensi moja: "Kazi ya dresa ni kufunga vidonda." Aliibandika ukutani mwa zahanati, akaandika chini yake: "Nafunga. Na nahesabu." Na alihesabu kweli. Mpaka anafariki walikuwa wamefika mia moja arobaini na sita, na pengo la zile siku kumi halikuziba.

Kisukari kilimwanza mwaka 1980. Mwezi wa saba mwaka huu alipata kidonda cha mguu, tukamlaza hospitali. Siku ya Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1984, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake. Saa kumi alfajiri muuguzi mgeni aliingia na toroli na kutaka kumwamsha. Muuguzi mkuu wa wodi, Mwantumu, ambaye hakuwahi kufundishwa na marehemu wala hakujua anamlinda nani, alimshika mkono.

"Mwache mzee alale," alisema. "Wodi hii vidonda vikubwa tunafunga jua likishatoka. Wanapona upesi, tumejionea wenyewe."

Nilimwuliza utaratibu huo umetoka wapi. Alisema aliukuta, na aliyemtangulia naye aliukuta. Hakuna barua iliyouamuru. Nilitaka kumwamsha kaka nimwambie, nikajizuia, na ninyi mnajua kwa nini. Kulipokucha, Mwantumu alikuja kumfunga akamkuta amekwisha kutuacha, usingizini.

Marehemu ameacha mjane, Josefina, watoto wanne, Matayo, Fransisko, Bonaventura na binti yake Hamisa, wajukuu saba, na wadogo zake wawili, Habakuki na mimi. Ameacha pia Chausiku na Kibwana, waliosafiri tangu jana kuja hapa. Barua zote tatu tumeziweka. Hakuna hata moja iliyomponya mtu.

Alale ndugu yetu, na asiamshwe ila na Yule aliyeufanya usiku kwa ajili ya kulala.