Kasuba Mfula, Aliyefunga Mgodi na Kufungua Zahanati

Marehemu Kasuba Mfula alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 mjini Kitwe, katika nyumba ya vyumba viwili kwenye mtaa wa wachimbaji. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Mfula Kabaso na marehemu Mama Chilekwa. Kaka yake, Chitundu, amesimama nasi hapa makaburini.

Baba yao aliangukiwa na mwamba chini ya ardhi akafariki mwaka 1965. Chitundu, ambaye walimu walimsifu kuliko mdogo wake, aliacha shule akashuka mgodini wiki iliyofuata. Kwa mshahara huo Kasuba alisoma sekondari kwa wamishonari huko Lubushi, kisha Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, alikohitimu uhasibu mwaka 1975. Siku ya mahafali Chitundu alifika amevaa viatu vya kazini, kwa kuwa hakuwa na vingine, akajificha nyuma ya watu wakati wa picha. Kasuba alimfuata akamvuta mkono.

"Kaka, njoo. Bila wewe mimi ni nani?"

"Wewe ni mhasibu," Chitundu akasema. "Simama wima, mpiga picha anangoja."

Mwaka 1979 marehemu alimuoa Tionenji Jere, binti wa Kingoni kutoka Chipata. Wangoni ni watani wa Wabemba, na hawakumwacha apumue. Siku ya posa baba mkwe alimwambia, "Mbemba, kwenu mnakula nyani. Binti yangu atapona?" Kasuba akajibu kwamba aliyelelewa kwa panya, kitoweo cha Wangoni, hawezi kushindwa na nyani. Mzee alicheka mpaka akasahau kutaja mahari, na siku hiyo ilibidi wageni warudishwe ndani waanze upya. Mungu aliwajalia watoto watatu: Mapalo, Kabaso na Chilekwa.

Kazini alipanda upesi. Kufikia mwaka 1991 alikuwa mkurugenzi wa fedha wa kampuni moja ya mgodi ambayo sasa haipo tena. Mwaka 1999 kampuni iliamua kufunga shimo la zamani na kuwaachisha kazi waliokuwamo. Hesabu ilikuwa yake, na sahihi ilikuwa yake. Chitundu alikuwa mmoja wao. Marehemu alikwenda kumweleza mwenyewe, akamkuta mezani, anakula ugali na dagaa.

"Nimebakiza miaka mitatu nistaafu," Chitundu alisema.

"Najua, Kaka."

"Na mke wangu anaishi kwa dawa za hospitali ya mgodi."

"Hilo nalo najua. Lakini nikikuacha wewe kazini, watasema nimependelea damu yangu."

Chitundu alinawa mikono, chakula kingali mezani. "Ungeipendelea siku moja tu, Kasuba. Mimi niliipendelea miaka kumi."

Jina la Chitundu halikuondolewa kwenye orodha ya walioachishwa. Mkewe Chitundu, Namukolo, aliugua sukari bila dawa, akafariki Julai 2000. Mwaka huohuo kampuni ilimpa marehemu gari jipya kwa kazi nzuri.

Aliacha kazi mwaka 2002. Hakumwambia mtu sababu, hata mkewe. Mwaka uliofuata alianza kuzungumza redioni kila Jumapili baada ya misa, na Kitwe nzima ilimjua kwa ulimi wake. Kuhusu waziri mmoja alisema, "Mheshimiwa alitutembelea. Amekula kuku, amepanda gari, ametuachia vumbi." Watu walicheka majikoni mwao. Lakini Jumapili moja alipiga simu mchimbaji wa zamani.

"Wewe unayesema wakubwa hawana huruma," alisema, "si ndiwe uliyetufukuza?"

"Ndimi," marehemu akajibu. "Endelea."

Yule mtu aliendelea. Alimtukana hadi kipindi kikaisha, na marehemu hakumkatiza wala hakumruhusu fundi mitambo akate simu. Tangu hapo walipiga wengi, kila Jumapili, na baadhi walifanya kama mchezo. Aliwasikiliza wote.

Alitumia akiba yake kujenga zahanati katika mtaa alikozaliwa. Ilifunguliwa Mei 2007, tiba ya sukari bila malipo. Juu ya mlango aliandika jina la Namukolo kwa rangi ya buluu. Chitundu alikuja siku ya ufunguzi akiwa na patasi na nyundo, akapanda ngazi mbele ya askofu, akalikwangua jina herufi moja baada ya nyingine.

"Jina la mke wangu si rangi ya kupaka ukuta wako," alisema aliposhuka. Marehemu ndiye aliyeshika ngazi isiteleze. Mpaka leo zahanati ile haina jina. Wakati wa ukame wa 2024 marehemu alifungua jiko lililolisha mitaa mitatu. Magunia aliyopeleka kwa kaka yake yalirudishwa yote yakiwa yamefungwa.

Septemba mwaka huo alipatwa na kiharusi kilichomnyima sauti na mkono wa kulia. Redioni wapo waliopiga simu kushangilia. Alizisikia kitandani, na mkewe alipotaka kuzima redio alimzuia kwa macho. Wale aliowalisha walikuja kumwona wiki ya kwanza, baadaye hawakuonekana.

Oktoba alikuja Chitundu, na kibakuli cha uji wa mtama. Alivuta kiti, akamlisha kwa kijiko. Uji ulipomwagika kifuani aliufuta kwa kiganja. "Meza," alisema. "Namukolo naye nilimlisha hivi." Machozi yalimtoka marehemu, na Chitundu hakuyafuta. Alirudi kesho yake, na kila asubuhi, kwa maneno yaleyale, mpaka tarehe 9 Februari 2025, marehemu alipofunga mdomo akakata roho.

Ameacha mjane, Tionenji, watoto watatu, wajukuu saba, na kaka yake Chitundu. Binti yake Mapalo, aliyeandika wasifu huu, alimuuliza baba yake mkubwa kama aandike kwamba walipatana.

"Usiandike hivyo, sijamsamehe," Chitundu alisema. "Andika kwamba alikuwa na njaa."

Ardhi impokee, na Mungu ampe usingizi wa amani.